Kochi na Farasi Aliyeshindwa Mara 113

Gari moshi litokalo Okayama kwenda Kochi huvuka bahari kwanza. Hupita juu ya daraja kubwa la Seto, lililofunguliwa mwaka 1988, na chini yake abiria huona visiwa vidogo vidogo na meli za mizigo zikipishana. Kisha huingia katika kisiwa cha Shikoku na kuanza kuikabili milima. Kwa muda wa saa moja na zaidi mahandaki hufuatana na mabonde membamba, mto ukiwa mara upande wa kushoto mara upande wa kulia, hata msafiri akaanza kujiuliza kama kweli huko mbele kuna mji. Ndipo milima inapoachana, jua la kusini linapowaka, na Kochi inapoonekana kando ya ghuba yake, uso umeelekea Bahari ya Pasifiki.

Japani wanayoisoma watu wengi katika magazeti ni nchi ya viwanda, magari na majumba marefu. Kochi si Japani hiyo. Huu ni mkoa wa misitu, wavuvi na wakulima, wenye mvua nyingi na tufani za kila mwaka, na vijana wake wengi huhamia Osaka na Tokyo kutafuta kazi. Katikati ya mji matramu yangali yakitambaa polepole barabarani. Kila Jumapili soko hupangwa kando ya barabara iendayo kwenye ngome ya kale, nalo limekuwapo kwa zaidi ya miaka 300. Akina mama wa mashambani huuza tangawizi, mboga, maua na ndimu za yuzu. Samaki anayependwa kuliko wote ni sehewa. Humpitisha juu ya moto mkali wa majani makavu ya mpunga mpaka ngozi inababuka, nyama ya ndani ikibaki mbichi, kisha humkata vipande vinene na kumla kwa chumvi na vitunguu saumu. Mpishi wa Afrika ya Mashariki angetamani kumrudisha motoni kidogo, lakini wenyeji hawataki kusikia neno hilo.

Aendaye kusini ya mji hufika Nagahama, karibu na ufuko wa Katsurahama, ambako sanamu ya shujaa wao Sakamoto Ryoma imesimama tangu mwaka 1928 ikitazama bahari. Hapo, kati ya vilima, pana uwanja wa mashindano ya farasi. Ulihamishiwa hapo mwaka 1985 kutoka ndani ya mji. Ni uwanja mdogo; mzunguko wake ni meta 1,100 tu za mchanga, na mvua inaponyesha, jambo ambalo Kochi si la ajabu, mchanga huo hugeuka matope yanayowapaka wapanda farasi toka kofia hadi viatu.

Jioni ya mashindano taa huwashwa. Mgeni anayeketi jukwaani hushangazwa kwanza na upweke wa mahali penyewe. Wako wazee wachache wenye magazeti na kalamu, familia moja mbili zilizoleta watoto kuona farasi, na vijana wenye kamera zenye lenzi ndefu. Viti vingine ni vitupu. Akiwa mgeni ni mtu wa haraka, atasema kuwa biashara hii imekufa na kilichobaki ni kuizika. Lakini atakuwa amekosea sana, kwa kuwa watazamaji wa Kochi wapo, tena ni wengi; ila hawapo jukwaani. Wamo vyumbani mwao Sapporo na Tokyo, wamo ndani ya treni wakirudi kazini, na kila mmoja ameshika simu yake ya mkononi. Picha za mbio huwafikia kwa njia ya intaneti wakati ule ule farasi wanapokimbia. Tikiti hununuliwa kwa intaneti. Hata kelele za kushangilia, ambazo zamani zingesikika ukingoni mwa uwanja, siku hizi huandikwa kwa vidole katika mitandao ya kijamii, nazo husomwa na mtu aliye umbali wa kilometa elfu moja kabla farasi hajamaliza kuhema.

Namna uwanja huu ulivyofikia hali hiyo ni hadithi ndefu, na kiini chake ni farasi jike mmoja ambaye hakupata kushinda hata siku moja.

Ili kuielewa, msomaji budi ajue kwamba mashindano ya farasi nchini Japani ni ya namna mbili. Yapo ya shirika la kitaifa, yenye viwanja vikubwa na zawadi nono. Na yapo ya mikoa, ambayo huendeshwa na serikali za mikoa na miji kwa madhumuni ya kupata fedha za umma. Uwanja wa Kochi ni wa namna hii ya pili, mali ya muungano wa mkoa na mji. Wakati uchumi wa Japani ulipokuwa ukipanda, viwanja vya mikoa vilijaza hazina. Uchumi ulipoanguka mnamo miaka ya 1990, viligeuka mzigo. Kimoja baada ya kingine vikafungwa: Nakatsu mwaka 2001, Masuda na Niigata mwaka 2002, Kaminoyama na Ashikaga mwaka 2003, Takasaki mwaka 2004, Utsunomiya mwaka 2005. Uwanja unapofungwa si lango tu linalofungwa. Walimu wa farasi, wapandaji, watunzaji, wahunzi wa kwato, wapishi wa kantini na wauza tikiti wote hukosa kazi siku moja. Na farasi wasiopata uwanja mwingine wa kuwapokea, wengi wao huishia machinjioni.

Kochi nayo ilikuwa katika orodha ya wanaongoja zamu yao. Madeni yalikuwa yamelundikana hadi mabilioni ya yen. Mkoa na mji walikubali kuyafuta, lakini kwa sharti moja kali: uwanja ujitegemee, na ukiingia katika hasara tena, ufungwe.

Hapo ndipo alipoingia Haru Urara.

Alizaliwa tarehe 27 Februari 1996 huko Hokkaido, kisiwa cha kaskazini ambako wengi wa farasi wa mbio wa Japani huzaliwa. Alikuwa mdogo wa umbo, mwoga, na hakupata mnunuzi. Akapelekwa Kochi, mahali ambapo wakati huo palikuwa kama kituo cha mwisho cha farasi waliokataliwa kwingine. Alikabidhiwa kwa mwalimu Muneishi Dai. Jina lake maana yake ni ule wangavu mpole wa siku nzuri katika majira ya kuchipua, jina ambalo mtu angempa binti aliyemtumainia mema. Tarehe 17 Novemba 1998 alikimbia kwa mara ya kwanza. Farasi walikuwa watano, naye akawa wa tano.

Akakimbia tena, akashindwa. Akakimbia mara kumi, akashindwa. Mara hamsini, akashindwa. Mara chache alishika nafasi ya pili, na watunzaji wake wakashika vifua kwa matumaini, lakini ya kwanza haikuja. Kwa desturi farasi wa namna hiyo hakai sana bandani, kwa maana nyasi, shayiri, kwato na dawa hazilipwi kwa matumaini. Lakini Haru Urara alikuwa na sifa moja ambayo wakubwa wengi wa mbio hawakuwa nayo: mwili wake ulikuwa imara, hata aliweza kukimbia mara mbili kwa mwezi bila kuumia. Na kila farasi anayeshiriki hulipwa posho ndogo, awe wa kwanza au wa mwisho. Kwa posho hiyo, na kwa huruma ya mwalimu wake, aliendelea kula. Kila mwenye nyumba aliyepata kuuvuta mshahara mdogo hadi mwisho wa mwezi ataielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Katikati ya mwaka 2003 mtangazaji wa uwanja, aliyekuwa akizisoma kumbukumbu za farasi, aligundua kuwa hesabu ya kushindwa kwake inakaribia mia. Akamdokeza mwandishi wa gazeti la mji, Kochi Shimbun. Mwezi Juni habari ikatoka. Ilikuwa habari ndogo ya gazeti la mkoani, lakini magazeti ya nchi nzima yakaidaka, na baada ya magazeti ikaja televisheni, na baada ya muda si mrefu hata Waziri Mkuu wa wakati huo, Koizumi Junichiro, akawa anamtaja.

Kwa nini taifa zima limpende farasi anayeshindwa? Wajapani wenyewe walilijadili sana swali hilo. Jibu la wengi lilikuwa kwamba miaka ile ilikuwa migumu. Makampuni ambayo watu waliyatumikia tangu ujana yalikuwa yakipunguza wafanyakazi. Mtu aliyeahidiwa kazi ya maisha alijikuta nyumbani akiwa na miaka 50. Watu hao walimtazama yule farasi mdogo, aliyevishwa kichwani kitambaa cha rangi ya waridi chenye picha ya paka wa vibonzo aitwaye Hello Kitty, akishindwa Jumapili hii na kurudi kukimbia Jumapili ijayo kana kwamba hajashindwa kitu. Barua zikamiminika Kochi. Wako waliosafiri kutoka mbali ili wamwone kwa macho yao.

Hata tikiti zake zilipata kazi mpya. Katika Kijapani, tikiti isiyoshinda husemwa kuwa "haikugonga", na neno hilo hilo hutumika kwa gari lisilomgonga mtu. Basi madereva wakanunua tikiti za Haru Urara, ambazo hazikugonga kamwe, na kuzitundika ndani ya magari yao ziwe hirizi ya kuwakinga na ajali. Pengine hii ndiyo kamari pekee duniani ambayo mchezaji alitoa fedha yake akiomba ashindwe.

Tarehe 22 Machi 2004 ilikuwa kilele cha yote. Mpandaji mashuhuri kuliko wote nchini Japani, Take Yutaka, alikubali kuja Kochi kumpanda katika mbio zake za 106. Mvua ilinyesha. Watu 13,000 walijazana katika uwanja ambao siku za kawaida haukupata umati kama huo. Tikiti zilizouzwa kwa mbio hizo peke yake zilifikia zaidi ya yen milioni 120. Kulikuwa na farasi 11. Haru Urara alimaliza wa kumi, amejaa matope, na mpandaji wake bora wa Japani akiwa amejaa matope juu yake. Kisha Take akamgeuza akampitisha mbele ya jukwaa, kama wafanyavyo washindi, na umati ukampigia makofi kama mshindi.

Fedha za siku hizo ziliupa uwanja pumzi. Lakini hapa ndipo hadithi inapoacha kuwa tamu, na ni vema isemwe kama ilivyokuwa. Mapenzi yaliyoletwa na televisheni yaliondoka na televisheni. Tarehe 3 Agosti 2004 Haru Urara alikimbia mbio zake za 113, na hazikupata kuja nyingine. Mwezi uliofuata mmiliki wake wa wakati huo alimwondoa Kochi na kumpeleka mbali, mkoani Tochigi, kwa kile kilichoitwa mapumziko. Mwaka 2006 alitangazwa kuwa amestaafu. Kwa miaka kadhaa baadaye habari zake zilipotea, na aliyeuliza hakupata jibu. Farasi aliyewahi kutajwa na Waziri Mkuu alikuwa mahali fulani, akila nyasi za mtu fulani, wala taifa halikujua ni wapi.

Na uwanja wake ukaanza tena kuzama. Wale waliokuja kumwona Haru Urara hawakuja kuona mbio. Alipoondoka, nao waliondoka. Katika mwaka wa fedha wa 2008 mauzo ya tikiti yalishuka hadi chini ya yen bilioni 4. Zawadi zilikatwa na kukatwa tena, hata ushindi ukawa hauna thamani kubwa. Watu wa mabandani hawakuondoka, kwa sababu hawakuwa na pa kwenda.

Walichofanya baadaye kinastahili kuelezwa kwa makini, maana hakikuwa muujiza. Kwanza, mnamo Julai 2009 walifunga taa na kuanza kukimbiza farasi usiku. Hawakutarajia kuwa watu wa Kochi wangeacha chakula chao cha jioni wakaja Nagahama. Walitazama mbali zaidi. Mchana, viwanja vikubwa vya nchi hushindana kuwavutia watazamaji. Lakini jioni, hasa majira ya baridi, viwanja vingi huwa vimefunga malango. Mtu aliyeko nyumbani na simu yake, mwenye hamu ya mbio moja zaidi, alikuwa hana pa kutazama isipokuwa Kochi. Pili, mnamo Oktoba 2012 tikiti za viwanja vya mikoa zilianza kuuzwa kupitia mtambo wa intaneti wa shirika la kitaifa, na mamilioni ya wateja wa viwanja vikubwa wakajikuta wanaweza kufika Kochi kwa kubonyeza.

La tatu ndilo lenye ucheshi.   Mbio zao za mwisho hukusanya farasi ambao wamekuwa wakifanya vibaya siku za karibuni, waliochaguliwa na waandishi wa habari za mbio, ili isijulikane kabisa nani atashinda. Aliyepoteza mchana kutwa hupata nafasi ya mwisho ya kurudisha chake. Au, kusema kweli, ya kupoteza na kilichobaki. Watazamaji wa mitandaoni wamezipenda mno mbio hizi. Jumapili jioni wanataniana humo kwa maandishi, wakiwaita farasi kwa majina kama majirani, wakisikitika na kucheka pamoja wala hawajuani sura. Uwanja ambao ulijulikana kwa farasi aliyeshindwa ukawa unaishi kwa mbio za walioshindwa.

Matokeo yake ni kwamba katika miaka ya 2020 mauzo ya Kochi yalizidi yale ya 2008 zaidi ya mara kumi, sehemu kubwa mno yakitokana na intaneti. Zawadi zilipanda, mabanda yakatengenezwa, na vijana wanaotaka upandaji wakaanza tena kuja Kochi kwa hiari.

Hata hivyo jambo hili lina upande wa pili. Zamani aliyetaka kubahatisha ilimbidi apande basi, alipe kiingilio, apange foleni mbele ya dirisha huku jirani akimwona. Na hayo yote yalikuwa breki. Simu haina foleni wala jirani. Mtu anaweza kuketi mezani na mkewe na wanawe, uso umetulia, huku kidole chake chini ya meza kikimaliza karo ya shule. Kamba ile ile inayomfunga shabiki na farasi wake humfunga pia na deni, na hakuna mpenda farasi wa Kochi anayejua kuhesabu asiyelijua hilo. Hakuna kisa cha huruma kinachoweza kuifanya kamari isiwe kamari.

Turudi kwa Haru Urara. Mwishoni mwa mwaka 2012 aliletwa katika shamba la Matha, mjini Onjuku mkoani Chiba, mashariki ya Tokyo, na baada ya muda ikajulikana kuwa yu hai. Mwaka 2014 wapenzi wake waliunda chama cha kuchangia matunzo yake. Fedha haikuwa nyingi, lakini ilikuja kila mwezi. Walio karibu walimtembelea, wakampiga picha, wakazisambaza mitandaoni kwa wale walio mbali: leo kala karoti, leo kajigaragaza mchangani, leo kanuna. Hizi hazikuwa habari za kufikishwa kwenye televisheni. Zilikuwa habari kama zile za bibi kijijini, ambazo wajukuu wa mjini huzingoja tu wajue kuwa kaamka salama. Mwaka 2016 Mmarekani Mickey Duzyj alitengeneza filamu fupi juu yake, na watu wa nchi za mbali wakaanza kulijua jina hilo.

Kisha likaja jambo lisilotarajiwa na mtu yeyote wa Kochi. Kampuni moja ya michezo ya simu, Cygames, ilikuwa imetunga mchezo ambamo farasi maarufu wa historia ya Japani hutokea katika umbo la wasichana wakimbiaji, kila mmoja na jina na tabia ya farasi halisi. Mchezo huo, Uma Musume, ulitolewa Japani mwezi Februari 2021. Ndani yake, pamoja na mabingwa wakubwa, yumo Haru Urara: msichana mchangamfu mwenye nywele za waridi, ambaye hushindwa na kufurahi. Mwezi Juni 2025 mchezo ukatolewa kwa Kiingereza. Vijana wa Marekani na Ulaya, ambao wengi wao hawakupata kugusa farasi maishani, walimpenda msichana huyo, wakauliza mitandaoni kama farasi mwenyewe alikuwa kweli. Wakajibiwa: alikuwa kweli, tena yu hai, ana miaka 29, anaishi Chiba.

Yaliyofuata yalitokea kwa siku chache tu. Ilipojulikana kuwa kuna mahali katika intaneti ambapo mtu aweza kuwanunulia farasi wastaafu nyasi, wageni waliuvamia ukurasa huo kwa wingi hata mitambo ikashindwa. Wengi hawakusoma Kijapani. Walielekezana wao kwa wao, mmoja akitafsiri, mwingine akichora mishale kuonyesha pa kubonyeza. Iliripotiwa kuwa zaidi ya kilo 2,500 za nyasi zilichangwa kwa jina la Haru Urara. Na picha za moja kwa moja kutoka bandani zilipoonyeshwa, watu walikesha wakimtazama bibi kizee akila, au akiwa amelala. Hapakuwa na mbio wala tikiti. Hapakuwa na yeyote aliyeweza kupata hata senti moja kwa kumtazama.

Si kila mapenzi ya namna hiyo huja na adabu. Mwaka 2019 huko Hokkaido farasi wastaafu mashuhuri, akiwamo Taiki Shuttle, walikutwa wamekatwa singa za shingoni. Mashamba mengi yamelazimika kuweka masharti: asije mtu bila kupewa ruhusa, asiwashe taa ya kamera usoni mwa farasi, asimlishe chochote alichokuja nacho. Mtu aliyemzoea farasi katika kioo cha simu husahau kuwa yule wa bandani huumwa tumbo, hushtuka, na ana watunzaji wanaoamka alfajiri. Baadhi ya mashamba yamefunga milango kabisa, nayo hayastahili kulaumiwa.

Haru Urara alikufa tarehe 9 Septemba 2025 kwa ugonjwa wa msokoto wa tumbo, ugonjwa ambao wafugaji wa farasi huuogopa kuliko mwingine. Miaka 29 kwa farasi ni uzee mkubwa. Habari ilifika nje ya Japani siku ile ile, kwa njia ile ile ya simu, na rambirambi zikaandikwa katika lugha ambazo mwalimu Muneishi asingeweza kuzisoma. Tangu nyasi zile zichangwe ilikuwa imepita miezi miwili hivi.

Huko Nagahama mashindano yanaendelea. Karibu na saa tatu usiku, katika mbio za mwisho, milango ya chuma hufunguka kwa kishindo, na farasi waliochaguliwa kwa kushindwa kwao huchomoka pamoja wakirusha mchanga chini ya taa. Jukwaani wazee wachache husimama. Mtangazaji hupaza sauti kama kwamba uwanja umejaa watu, kwa sababu yeye anajua wanaomsikia ni wangapi. Mshindi hupita, wa pili hupita, wengine hufuata kwa makundi, na nyuma kabisa, peke yake, huja wa mwisho, mpandaji wake akimtuliza kwa mkono shingoni. Mzee mmoja huikunja tikiti yake isiyogonga na kuitia katika mfuko wa shati, kisha huelekea kwenye maegesho ya magari.